Nyumba Yenye Mizimu Katika Sinema

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, wilaya za Karagwe na Kyerwa. Maneno yamepigwa chapa kama yalivyosemwa, ili kila mwanafunzi apate kuyasoma tena polepole.

Mwenyekiti wa darasa na aangalie kama walio nyuma wanasikia vizuri. Daftari zifungwe kwanza; kuandika kutakuja baadaye.

Somo la leo ni juu ya sinema za kutisha, na hasa zile zinazosimulia habari za nyumba yenye mizimu. Najua wako watakaocheka. Watasema: sisi tumekuja kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, mizimu ya sinema inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu picha nayo husomwa kama barua inavyosomwa. Asiyejua kuisoma picha anaweza kudanganywa nayo, kama vile asiyejua kusoma barua anavyoweza kudanganywa na yule anayemsomea. Tena jambo lenyewe haliko mbali. Vijana wetu wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo hulipa fedha kuingia katika vibanda vya video, na wengine hutazama sinema ndani ya simu zao usiku wakiwa kitandani. Wako pia wanaotaka kutengeneza sinema zao wenyewe, na fedha ya kazi hiyo mara nyingi hutoka katika kahawa ya mzazi.

Sasa nyamazeni kidogo, msikilize.

(Sauti: mlango wa mbao unafunguka polepole, bawaba zinalia. Kimya. Hatua tatu za miguu. Kimya kirefu.)

Haya. Mlango ule ulikuwa wa rangi gani? Aliyekuwa akitembea alikuwa mwanamume au mwanamke? Alikuwa amevaa nini? Mimi sikuwaambia neno hata moja, lakini nina hakika kila mmoja wenu ameuona mlango. Mmoja ameuona mlango wa nyumba ya marehemu babu yake. Mwingine ameuona mlango wa ghala. Mwingine amemwona hata huyo mtu, na pengine amemjua. Kila mtu ameona wa kwake, na wa kwake ndio unaomtisha zaidi kuliko mlango wowote ambao mimi ningeweza kumchorea. Hiyo ndiyo siri ya sinema za nyumba yenye mizimu. Kazi yetu leo ni kuieleza siri hiyo, na kueleza jinsi hila za kompyuta zinavyoiua zinapotumiwa kupita kiasi.

Tuanze na nyumba zetu wenyewe. Milima yetu ina baridi usiku. Mchana jua hulipasha bati moto, nalo hutanuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Usiku ukiingia bati hupoa upesi na kusinyaa. Lakini misumari imelishika, kwa hiyo haliwezi kusinyaa kwa utulivu. Linajivuta, linajivuta, kisha linaachia ghafula: ta! Baada ya muda, upande mwingine: ta! Mama aliyelala peke yake na watoto anasikia kana kwamba mtu anatembea juu ya paa. Nje, majani makavu ya migomba yakipigwa na upepo husuguana, nayo hutoa sauti kama ya mtu anayepita akiburuta nguo. Popo wanagombea ndizi mbivu. Parachichi linaanguka juu ya bati la jikoni. Kila sauti katika hizo ina sababu yake, na mama huyo anaijua vizuri kuliko mimi. Hata hivyo moyo unampiga.

Kwa nini? Kwa sababu sikio limesikia na jicho halijaona. Mwili wa binadamu haungoji kuona hatari ndipo ujiandae. Ukisikia jambo usilolielewa, moyo huanza kwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, viganja vinatoka jasho, masikio yanatafuta sauti ya pili. Hali hiyo ya kungoja ndiyo hofu yenyewe. Ukiwasha taa ukaona ni parachichi, unacheka na kulala. Ukiwasha taa ukaona ni mwizi, hapo hofu inageuka kuwa jambo jingine: utapiga kelele, utakimbia, au utapigana. Lakini ile hofu ya kungoja imekwisha pale pale ulipoona.

Wasimulizi wa zamani walilijua jambo hili bila kufundishwa. Habari za Wachwezi zilisimuliwa kando ya moto, gizani, na hakuna aliyechora sura zao ukutani. Msimulizi alishusha sauti, akanyamaza pale panapofaa, na watoto walijaza wenyewe yaliyobaki.

Sasa tuje kwenye sinema. Sinema ya kwanza ya jumba lenye mizimu ni ya zamani sana. Ilitengenezwa Ufaransa mwaka wa 1896 na bwana mmoja aliyeitwa Georges Méliès. Bwana huyu alikuwa mcheza kiinimacho, mwenye ukumbi wake mjini Paris. Sinema yake ilichukua dakika tatu hivi. Popo mkubwa anaingia katika jumba la kale, anarukaruka, mara anageuka kuwa Shetani. Kisha watu na vitu vinatokea na kutoweka. Wengi huihesabu kuwa ndiyo sinema ya kwanza ya kutisha ulimwenguni, ingawa nafikiri watazamaji wa siku zile walicheka zaidi kuliko walivyoogopa.

Alifanyaje? Sinema, ndugu zangu, ni picha nyingi zilizosimama ambazo hupita mbele ya macho upesi mno hata jicho linadhani zinatembea. Kawaida hupita picha 24 kwa kila sekunde moja. Sinema ya dakika 90, basi, ina picha 129,600. Wanaojifunza hesabu watazidisha wenyewe: 24 mara 60, kisha mara 90. Méliès alifanya hivi: alisimamisha kamera, akamwondoa mtu mahali aliposimama, wengine wote wakakaa kimya bila kutikisika, kisha akaiendesha kamera tena. Mtazamaji hakuona ule muda uliokatwa. Yeye aliona mtu yupo, mara hayupo.

Ninyi mnaijua hila hii, maana imetumika sana katika sinema za video za Tanzania. Miaka ya kwanza ya 2000 zilitoka sinema kama Nsyuka na Shumileta, za mwongozaji Mussa Banzi, zenye mambo ya majini na viumbe vya kutisha, na nyingine nyingi zikafuata njia hiyo. Katika sinema za namna hiyo mganga amesimama kando ya mti, mara mti umebaki peke yake. Ni kiinimacho kilekile cha mwaka wa 1896. Hakina gharama, na kikitumiwa mara moja mahali panapofaa kinashtua kweli.

Kompyuta inafanya kazi kwa njia nyingine. Fikirini mkeka. Ukiutazama kwa mbali unaona nakshi. Ukiusogelea unaona kwamba nakshi yote ni vipande vya ukili, kila kimoja na rangi yake. Picha ya kompyuta ni hivyo hivyo. Imefumwa kwa nukta ndogo sana, na kila nukta kompyuta inaiandika kwa namba zinazosema rangi yake ni ipi. Picha moja ya namna inayotumika sana katika runinga za leo ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 2. Mtu mwenye ujuzi akibadilisha namba hizo, picha inabadilika. Anaweza kufuta waya, kuongeza wingu, kumwotesha mtu pembe, au kutengeneza jitu zima ambalo halikuwahi kusimama mbele ya kamera. Njia moja inayotumika sana ni kumpiga mtu picha mbele ya pazia la kijani, kisha kuiambia kompyuta iondoe kila nukta ya kijani na kuweka mahali pake picha ya makaburi, au ya moto, au ya jumba la kale.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri ni ya ajabu, na mimi siidharau. Taabu inaanza pale mtengenezaji anapodhani kwamba kwa kuwa anaweza kuonyesha kila kitu, basi lazima aonyeshe kila kitu.

Upo mfano unaofundisha vizuri kupita yote ninayoijua, kwa sababu ni hadithi ileile moja, ya jumba lilelile, iliyotengenezwa mara mbili. Mwaka wa 1959 mwandishi wa Kimarekani, mwanamke, jina lake Shirley Jackson, alitoa kitabu juu ya jumba lenye mizimu ambamo watu wachache wanakwenda kukaa ili wachunguze kama kweli lina mizimu. Mwaka wa 1963 mwongozaji Robert Wise alikifanya kitabu hicho kuwa sinema iliyoitwa The Haunting. Aliipiga picha nyeusi na nyeupe, ingawa rangi zilikuwapo. Na katika sinema yote, tangu mwanzo hata mwisho, mzimu hauonekani. Hata mara moja.

Basi watu waliogopa nini? Waliogopa mlango. Wanawake wawili wamo chumbani usiku, wameshikana. Nje, kwenye ujia, kitu kinapiga ukuta: bumu, bumu, bumu. Kinakuja polepole. Kinapita mlango mmoja, kinapita wa pili. Kinafika kwenye mlango wao, kinasimama. Kamera inautazama mlango na kitasa chake. Hakuna kinachoingia. Mahali pengine katika sinema hiyo mlango mzito unaanza kuvimba kuelekea ndani, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi, kisha unarudi. Mlango ule ulikuwa umetengenezwa kwa tabaka nyembamba za mbao, na upande wa pili alikuwako fundi mwenye nguvu akiusukuma. Ni hayo tu: mbao na mtu wa miraba minne. Sauti za kugonga zilikuwa zimetayarishwa mapema na kupigwa pale pale wakati wa kazi, ili wachezaji wazisikie kwa masikio yao na kushtuka kweli.

Mwaka wa 1999 hadithi hiyo ikatengenezwa tena kwa jina lilelile, na mwongozaji mwingine, Jan de Bont. Gharama yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 80. Jumba lilijengwa kwa ufundi mkubwa, na kwa kweli linapendeza macho. Lakini safari hii kompyuta ilipewa kazi isiyo na kikomo. Nyuso za watoto zilizochongwa kwenye mbao zinageuka na kutazama. Mapazia na mashuka yanafanya sura za watu. Sanamu zinatembea. Mwishoni mzimu wa mwenye jumba unatokea wenyewe, mkubwa kama dari, ukiunguruma. Tusidanganyane: sinema hiyo iliingiza fedha nyingi kuliko gharama yake. Lakini wahakiki wengi waliilaumu, ikateuliwa mara 5 katika zile tuzo za dhihaka zinazotolewa Marekani kwa sinema mbaya za mwaka, na hata leo watu wanaozungumza juu ya sinema za kutisha huirudia ile ya 1963 iliyo na mlango tu.

Ngojeni niseme wazi kilichopotea. Kitu ambacho hakijaonekana hakina kipimo. Kinaweza kuwa kidogo kama paka au kikubwa kama mlima. Kinaweza kuwa mbele yako au nyuma yako. Mara kinapoonekana, kinapata kimo, upana, meno kadhaa na miguu miwili. Mtazamaji anakipima. Anasema moyoni, aha, kumbe ni hicho. Na akishakipima, anaanza kukichunguza kama mnunuzi anavyomchunguza ng'ombe mnadani. Hapo ndipo makosa ya kompyuta yanapoonekana.

Ninyi wafugaji na wakulima mna macho makali katika jambo hili kuliko watu wa mjini. Ng'ombe wa pembe ndefu akikanyaga matope, matope yanashuka, na maji yanaingia katika alama ya kwato. Mtu akipita katika nyasi, nyasi zinalala, kisha zinainuka. Taa ikiwa kushoto, kivuli kinakwenda kulia. Jitu la kompyuta lililofanywa kwa haraka halina uzito: linakanyaga na vumbi haliinuki. Taa ya chumba ni ya njano, lakini jitu linang'aa kwa buluu. Kivuli cha kabati kipo, kivuli cha jitu hakipo. Tena mtazameni mchezaji mwenyewe: macho yake yanatazama juu kidogo ya kichwa cha jitu, kwa sababu siku ile ya kupiga picha mbele yake hapakuwa na kitu, ila pazia la kijani au fimbo yenye alama. Mtazamaji huenda asiweze kuyataja makosa hayo moja moja, lakini jicho lake limekwisha kumwambia: hii si kweli. Baada ya hapo mizimu 20 ikiongezwa haitamtisha, itamchosha.

Kwa vijana wetu wasio na dola milioni 80 mambo ni mabaya zaidi. Wanachukua kutoka katika simu moto uliotayarishwa, damu iliyotayarishwa, radi iliyotayarishwa, wanavibandika juu ya picha yao. Na kwa kuwa wenzao wa Mwanza, Kampala na Dar es Salaam wanaweza kuchukua moto ule ule, mtazamaji wa kibandani anautambua kama anavyolitambua shati la mitumba alilokwisha kuliona kwa jirani.

Sasa fanyeni hesabu nyingine. Kijana mmoja Marekani, Oren Peli, alitengeneza sinema ya nyumba yenye mizimu ndani ya nyumba yake mwenyewe, mjini San Diego. Iliitwa Paranormal Activity, ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka wa 2007, na katika mwaka wa 2009 ikaenea katika majumba ya sinema. Kuitengeneza kuligharimu kiasi cha dola 15,000. Wachezaji wakuu walikuwa wawili tu, wakiigiza mwanamume na mpenzi wake, na kazi ya kupiga picha ilichukua siku 7 hivi. Kamera imewekwa juu ya miguu yake chumbani, inawatazama wakiwa wamelala. Mlango unasogea kidogo peke yake. Shuka linainuka. Usiku mmoja wanamwaga poda sakafuni, kisha wanakuta nyayo katika poda. Hilo tu, na watu walipiga kelele katika majumba ya sinema. Iliingiza zaidi ya dola milioni 190. Gawanyeni milioni 80 kwa 15,000, mtaona kwamba gharama ya ile sinema ya 1999 ingetosha kutengeneza zaidi ya sinema 5,000 kama hii ya poda. Na unga, mama zangu, ungefaa vilevile, nao upo katika kila nyumba hapa Karagwe.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya, kana kwamba nasema kompyuta ni adui. Ng'ambo ya mpaka wetu, Uganda, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, yuko Isaac Nabwana, ambaye mwaka wa 2010 alitoa sinema ya mapigano iitwayo Who Killed Captain Alex? kwa gharama ndogo sana, isiyofika dola 200 kwa kadiri ilivyoelezwa. Ndani yake zimo helikopta za kompyuta ambazo hata mtoto anaona si za kweli, na damu ya kompyuta inaruka kila upande. Watu wa nchi nyingi wanaipenda. Kwa nini? Kwa sababu pale nia ni kuchekesha na kuchangamsha. Helikopta ikionekana ya uongo, kicheko kinaongezeka. Hila ileile ikiingizwa katika nyumba yenye mizimu, kicheko kinakuja pia, lakini hakikualikwa.

Hapa nataka kutaja jambo moja la vibanda vyetu ambalo wataalamu wa Ulaya hawawezi kulijua. Sinema nyingi za kigeni zinatufikia zikiwa na sauti ya mfasiri juu yake. Uganda kazi hiyo ina watu maarufu kama VJ Jingo. Tanzania jina la Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, lilivuma sana. Ni kazi ya ustadi, nami naiheshimu, maana imewafungulia mlango wengi wasiojua Kiingereza. Lakini mfasiri hapendi kimya. Wachezaji wanaponyamaza, yeye anaeleza, anatania, anawaonya: angalia nyuma yako! Basi ile sinema ya mlango wa mwaka wa 1963 ingeletwa kibandani namna hiyo, kimya chake chote kingejazwa maneno, na watu wangeuliza mbona hakuna kitu. Nadhani hii ni sababu mojawapo ya mwenye kibanda kupenda sinema zenye majitu na moto: hizo zinastahimili kelele.

Sasa nitakwenda Zanzibar kwa muda mfupi, kisha nirudi kwetu, maana liko jambo zito kuliko uzuri au ubaya wa sinema. Mwaka wa 1995 ilizuka hofu kubwa Pemba, ikavuka hadi Unguja, juu ya kiumbe kilichoitwa Popobawa, kilichosemekana kuwashambulia watu usiku vitandani mwao. Hakuna aliyekuwa na picha yake. Watu walisimulia uzito kifuani, harufu, kivuli. Familia zililala nje makundi makundi kando ya moto. Na katika hofu hiyo mtu mmoja mwenye ugonjwa wa akili, aliyedhaniwa kuwa ndiye Popobawa, aliuawa na kundi la watu. Mnaona basi kwamba hofu ya kitu kisichoonekana ina nguvu sana. Msanii anayeichezea anashika kisu chenye makali.

Na huku kwetu Kanda ya Ziwa mnajua habari za vikongwe waliouawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 50 jikoni. Mwanamke amepika, amelisha watoto na wajukuu, na moshi umemlipa macho mekundu. Sasa tazameni sinema nyingi za mizimu: mchawi ni nani? Ni kikongwe. Na kompyuta inatumika kufanya nini? Kumtia macho mekundu yanayowaka. Mtengenezaji ameona ni njia rahisi ya kutisha. Lakini mtoto wa miaka 10 aliyeitazama sinema hiyo usiku, asubuhi anatumwa kwa bibi yake achukue moto, anayaona yale macho. Mimi naihesabu hila hiyo kuwa mbaya kuliko majitu yote ya dola milioni 80, kwa sababu majitu yale hayana jirani wa kuumizwa, bali kikongwe anaye.

Kwa hiyo mzazi aliyeelewa somo hili ana kazi nyumbani. Akimkuta mtoto anatazama sinema ya namna hiyo, asimnyang'anye simu tu. Aketi naye. Amwulize: taa iko upande gani? Kivuli cha huyu kiko wapi? Unafikiri walimtoa vipi pale kando ya mti? Amwonyeshe rangi nyekundu ya macho ilivyo sawasawa kama ya taa ya pikipiki, si kama macho ya mtu. Mtoto akijua jinsi kiinimacho kinavyofanywa atafurahi zaidi, na bibi yake atabaki kuwa bibi.

Na ninyi vijana mlio na hamu ya kutengeneza sinema, wekeni fedha katika sauti kabla ya kuiweka katika majitu. Kinasa sauti kizuri, hata cha bei ya kadiri, kitawafaa kuliko moto wa kubandika. Nendeni usiku mkanase bati likilia, migomba ikisuguana, mbwa wa mbali akinyamaza ghafula. Nyumba ya mizimu ya Karagwe haihitaji kuwa jumba la mawe la Uingereza. Inaweza kuwa ile nyumba ya matofali aliyoianza mtu aliyeko Dar es Salaam, madirisha bado matundu, nyasi zimeota sebuleni. Ikiwa ni lazima kutumia kompyuta, itumieni kufuta mkono wa fundi unaosukuma mlango.

Sasa fungueni daftari. Kazi ya kikundi ni hii. Mmoja wenu atoke nje ya darasa, taa ipunguzwe, naye afanye sauti tatu kwa vitu atakavyovikuta, asiseme ni vitu gani. Walio ndani kila mmoja aandike mistari mitatu juu ya alichokiona moyoni. Kisha someni kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mwone kama wako wawili walioona kitu kimoja. Wanaoanza kuandika waandike maneno haya: mlango, kivuli, sauti, kimya, kiinimacho.

Kipindi kijacho tutajifunza kuandika hesabu ya mauzo ya kahawa katika daftari lenye safu mbili. Kila mwanafunzi aje na rula. Kwaherini.